Ng'ombe wa Shishiyu

Mimi niliishia darasa la nne, lakini steshenari ya kwanza Bariadi kuwa na kompyuta ilikuwa yangu. Asiyejua aulize. Wanunuzi binafsi wa pamba ndiyo kwanza wamemiminika, na kila kikundi cha wakulima kinataka karatasi zilizochapwa.

Fundi alinitengenezea viungo kwenye skrini. "Kiungo kinabeba jina na njia ya kufikia faili," alisema. "Faili lenyewe liko kule ndani." Nikaitikia kama mtu aliyeelewa.

Kikundi cha Dutwa kilileta orodha ya wanachama. Nikaichapa, karatasi yao nikaichoma. Ya nini tena? Baadaye mashine ikajaa. Nikaona orodha ile iko sehemu mbili, mbele na ndani. Nikafuta ya ndani.

Siku ya kuichukua, mwenyekiti wao, mama wa makamo, akaja na wenzake wawili. Orodha ifike wilayani kabla ofisi haijafungwa, la sivyo kikundi hakiandikishwi na mnunuzi anahamia kwa wengine. Nikabonyeza. Mashine ikajibu: faili halipo. Jina ninaliona! Nikabonyeza tena, na tena. Duka lilikuwa na mlango mmoja, na baiskeli ya yule mama imeuziba.

"Mayu," nikamwita kwa heshima ya mama, "naomba nipite, nikamwite fundi."

"Fundi si yuko Mwanza? Ulisema mwenyewe tulipoleta orodha. Kaa, baba. Umefanya nini?"

Nikaeleza yote. Akanitazama.

"Mimi nina ng'ombe wangu kule kijiji cha Shishiyu, rafiki ananichungia. Hapa Bariadi ninalo jina lake tu. Wewe umemchinja kule, sasa unakamua jina!"

Wenzake walicheka hadi wakashika meza. Mimi jasho lilifika kiunoni.

"Andika," akasema. "Hutoki."

Wakanitajia majina kutoka kichwani, nyumba kwa nyumba, kwa kufuata njia ya Dutwa. Nikachapa kwa vidole viwili, bila maji, bila kunyanyuka. Walipogombana kuhusu nyumba moja, nilingoja nimeinamisha kichwa. Karatasi ilitoka kwenye mashine kabla ofisi ya wilaya haijafungwa. Mmoja akaikamata, akapanda baiskeli, akapotea.

Mama hakuondoka.

"Sasa nipe ng'ombe mwingine, huyu nimfuge mwenyewe."

Nikanakili faili lenyewe kwenye disketi, nikalifungua mbele yake alione. Akaitia disketi kwenye khanga, akafunga fundo. Dutwa nzima haikuwa na kompyuta hata moja. Sikumkumbusha.