Mama Kipaza na Kifungu cha Nyumba za Kupanga

Gari dogo jeupe lenye vipaza sauti viwili juu ya paa linatambaa kwenye mtaa wa vyumba vya kupanga, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Kwenye kiti cha mbele, mama mmoja wa makamo anameza funda la maji ya uvuguvugu, anasafisha koo, anabonyeza kitufe. Anawaita wananchi waje Alhamisi kwenye ukumbi wa manispaa, watoe maoni yao juu ya bajeti ya jimbo.

Fundi viatu aliyeketi barazani anainua kichwa.

"Mama Kipaza, leo umetuletea dawa ya panya au ya kunguni?"

"Leo nina bajeti, baba."

"Hiyo nayo inang'ata?"

"Usipokuja kuisikiliza, inang'ata."

Watu wanacheka. Yeye pia anacheka, ila siku hizi kicheko chake hakikai usoni. Kazi yake ni kutangaza vikao vya bunge la jimbo, lile bunge dogo la huku kwetu, siyo lile kubwa la taifa. Leo anatangaza bajeti, lakini moyo wake uko kwenye kura ya Jumanne. Siku hiyo bunge litaamua juu ya muswada wa nyumba za kulelea watoto wadogo, na ndani yake kuna kifungu kinachoweza kufunga mlango wa nyumba anakoshinda mjukuu wake.

Wengi wetu hatujui bunge la jimbo linafanya nini, na hapo ndipo tunapoumia. Muswada ukiletwa, kamati ya wajumbe inakaa nao, inaupitia kifungu kwa kifungu, na kabla haijaandika ripoti ni lazima iwaite wananchi iwasikilize. Fedha nazo ni hivyo hivyo. Maofisa wanaitwa, wanaulizwa kilichotengwa kimefanya nini. Mlango uko wazi. Shida ni kwamba mtu akisikia neno "muswada" anaona hayo ni mambo ya wenye suti.

Mama Kipaza ameuona ukumbi mtupu. Anakumbuka kikao cha ushuru wa vibanda. Viti vya plastiki vimepangwa, wajumbe wameketi, mlangoni hakuna hata kivuli. Wakasubiri, wakanywa maji, mwenyekiti akaandikisha kwamba hakuna aliyepinga. Ushuru ulipoanza kudaiwa, wenye vibanda walimzuia njiani wakimwambia aliwaficha.

"Niliwapitia asubuhi na jioni," anasema. "Mmoja aliniambia nipunguze sauti, anaongea na simu."

Kazi hii aliipata akiwa ananadi nguo za mitumba sokoni, na sauti yake ilikuwa inavuka barabara. Karani wa kamati alisimama kununua shati, akaondoka na mashati matatu asiyoyahitaji, kesho yake akarudi kumuuliza kama anaweza kunadi na mikutano. Analipwa kwa siku, tena zile siku za kazi tu. Mwezi mbaya anaitwa mara nne. Kwa hela hiyo anachangia kodi ya vyumba viwili anavyoishi na binti yake na mjukuu anayejifunza kutembea. Binti ni mshonaji kwenye karakana ya sare za shule.

Mtoto anashinda kwa Shangazi. Siyo shangazi wa mtu yeyote hapo, ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Analea watoto tisa kwenye chumba cha kupanga chenye dirisha kubwa na kamba ya nepi uani. Mzazi anatoka kazini mgongo unamuuma, anamkuta mwanawe ameoga, ameshiba, hataki hata kuondoka.

Muswada haukuletwa kwa ubaya, na hilo lisemwe. Kuna nyumba moja ya kulelea ambako jiko lilikuwa katikati ya watoto, na mtoto akaungua kwa chai. Mzazi gani hataki sheria hapo? Lakini kifungu cha sita kilisema nyumba ya kulelea watoto isiwe ya kupanga. Sasa huku nani ana yake?

Mama Kipaza alikisoma kifungu hicho siku alipokwenda kuchukua tangazo, na hapo akabanwa. Mtangazaji wa bunge anataja jina la muswada, siku, saa na mahali. Basi. Haruhusiwi kuuelezea, kuusifu wala kuuponda, asije akaonekana anaupigia debe au anachochea watu.

Siku ya kwanza alilitaja jina la muswada, refu kama foleni ya benki, na watu wakapiga miayo. Jioni binti yake alimwambia kwamba yeye si anaingia bungeni, basi awaambie wajumbe. Akamjibu kuwa anaingia kuchukua karatasi tu. Wakala, mtoto katikati yao anagonga kijiko kwenye sahani.

Asubuhi alikwenda kwa karani, kijana anayelingana na binti yake.

"Mwanangu, nikikisoma kifungu chenyewe, kama kilivyo, nitakuwa nimekosea?"

Karani alifikiri kidogo. "Muswada ni wa wananchi, mama. Soma. Ila usiongeze neno."

"Na nikisoma polepole?"

"Polepole haijakatazwa."

Gari likaenda likasimama karibu na nyumba ya Shangazi, dereva akazima injini. Mama Kipaza akasoma. Alipofika kwenye "nyumba ya kupanga" sauti ikamkatika. Dereva akamsogezea chupa ya maji bila kumtazama, akamwambia, "Anza upya, dada." Akaanza upya.

Milango ikafunguka. Mama mmoja alitoka mikono ina povu la sabuni, akaomba arudiwe. Mwingine akauliza maana yake ni nini, kina Shangazi wafunge?

"Siruhusiwi kueleza," alimjibu. "Njoo uwaulize walioandika."

Siku ya kikao cha muswada huo viti havikutosha. Shangazi naye, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia watoto, alikuja nao wote. Mmoja alitambaa chini ya meza ya wajumbe akaibuka na kalamu ya mheshimiwa. Mwingine alilia mpaka mjumbe mmoja, mama mtu mzima, akampakata, akaendelea kuuliza maswali huku anamrusharusha kwenye goti. Mwenyekiti alijaribu kuomba utulivu, halafu akaacha.

Shangazi aliulizwa kuhusu jiko. Akasema liko uani, nyuma ya mlango wenye komeo, na anayetaka akaangalie leo leo. Kisha akawageukia wote.

"Waheshimiwa, niambieni nirekebishe nini, nitarekebisha. Mkiniambia nijenge nyumba, hapo mmenifunga."

Yule mjumbe aliyempakata mtoto akamgeukia ofisa wa ustawi wa jamii. Bajeti iliyopita ilikuwa na fungu la kuwafundisha walezi na kuwarekebishia vyumba. Limekwenda wapi? Ofisa akasema halikutumika, kwa sababu hakuna mlezi aliyeomba. Mjumbe akauliza kama kuna mlezi aliyeambiwa. Ofisa akapekua karatasi zake, mtoto akamchekea, yeye hakucheka. Mwenyekiti akamtaka alete maelezo kwa maandishi.

Mle ukumbini Mama Kipaza hana la kusema. Kazi yake ni kumshikia kipaza kila anayeinuka. Akapita mstari kwa mstari, mpaka mkono ulioinuliwa ukawa wa binti yake, aliyeomba ruhusa kazini. Akamsogezea kipaza mdomoni kama angemsogezea mtu mwingine yeyote.

"Mimi nina mtoto kwa Shangazi," binti alisema. "Mkifunga, ama niache kazi, ama nimfungie mtoto ndani. Nikiacha kazi, kodi hatuna. Na kumfungia ndani siwezi."

Wajumbe hawakujua aliyeshika kipaza ni nani. Mtaa ulijua. Binti alipomaliza, yeye akasogea kwa aliyefuata.

Mzazi unayesoma hapa, usipite haraka. Watoto wanaofungiwa ndani tunawajua, na yanayowapata tunayajua. Kifungu kile kingepita kimya kimya, tukaja kukijua siku Shangazi anatia kufuli mlangoni. Wewe uliye kwenye nyumba yako mwenyewe usijione umepona, kesho wataleta muswada wa maji, au wa shule. Ukisikia lile gari, zima redio, toka nje, sikiliza mpaka mwisho.

Kamati imependekeza kifungu kibadilishwe. Chumba kikaguliwe, jiko litengwe na watoto, iwe nyumba ya kupanga au la. Lakini pendekezo la kamati bado si sheria. Jumanne wajumbe wote watapiga kura, na wapo wasemao wazi kwamba hawataki kigeuzwe hata kidogo.

Mama Kipaza ana mpango wake. Bunge humlipa kuwaita watu, halimlipi kuwarudishia majibu. Amemwomba karani gari kwa siku ya Jumatano, akaambiwa hakuna fungu la mafuta. Atazunguka kwa miguu.

"Jibu likiwa zuri nitawapelekea, likiwa baya nitawapelekea," anasema. "Waliacha shughuli zao wakaja wakasema. Mtu akisema, ajibiwe."

Kwa Shangazi kila mtoto ana kigodoro chake, kimeletwa na mzazi wake. Wawili wameshachukuliwa vya kwao, wazazi wameingiwa na hofu. Juzi binti aliuliza kama na wao wakachukue chao mapema, kabla mambo hayajaharibika.

"Nimemwambia akiache pale pale," anasema Mama Kipaza, "na Jumatatu apeleke shuka safi."