Maoni Niliyokatazwa Kuandika

Nimesoma vitabu vibaya vingi, na vingi kati yake nilivisifu. Maktaba yetu ya cité, mtaa wa Waafrika, hapa Elisabethville kabla ya Uhuru, ilikuwa chumba kimoja chenye makabati mawili, na juu ya meza lilikaa daftari la maoni, kaye ya avis kama tulivyoliita. Ukirudisha kitabu, sharti uandike nusu ukurasa kwa Kifaransa kueleza umejifunza nini. Mkurugenzi, Mzungu aliyefika kila Ijumaa, alilisoma daftari hilo mstari kwa mstari, kalamu nyekundu mkononi.

Mimi nilikuwa karani kijana wa reli, na nilikuwa naiwinda ile kadi waliyopewa Waafrika walioitwa wastaarabu. Kabla hujapewa, maofisa wa serikali walikuja nyumbani kukagua uma, mapazia na vitabu, na neno la Mkurugenzi lilikuwa na uzito mkubwa. Basi nikasifu. Nilisifu kitabu cha mifereji ya maji machafu ambacho sikukivuka ukurasa wa kumi. Nilisifu safari za Mzungu mmoja aliyevuka nchi yetu yote akaona viboko wengi na watu wachache. Hata wapagazi waliombebea kitanda hakujua kama wana nyuso. Kitabu cha kilimo cha mboga ndicho pekee nilichokisifu kwa haki, maana mke wangu alifuata ushauri wake na vitunguu vikakubali.

Vitabu nilivyovipenda havikuwa kabatini. Vilikuwa ndani ya sanduku la sabuni, chini ya meza ya mtunza maktaba.

Huyo alikuwa mzee kutoka kaskazini ya Katanga, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, aliyevunjika mguu mgodini. Kusoma alijifunza hospitalini akiwa mtu mzima, na alisoma kwa kidole, midomo ikitembea, kurasa tatu nne kwa siku. Alipenda hadithi za polisi kuliko pombe. Rafiki yake, mpishi katika nyumba moja ya Bel-Air, mtaa wa Wazungu, alimletea zile ambazo bibi wa nyumba alizitupa. Mkurugenzi alizipiga marufuku, akidai zinatufundisha ujambazi, kana kwamba tulikuwa tunangoja vitabu. Mzee alinipa mimi kwanza kwa sababu nasoma haraka, kwa masharti mawili.

"Mwana, soma tu. Lakini usiniambie nani aliua. Na mu kaye usiandike kitu. Avis ya bile bitabu iko ya kinywa tu."

Kwa hiyo kila Jumamosi tulitoa maoni yetu kwa kinywa juu ya vile tulivyomaliza wote wawili, yeye kwenye kiti, mimi juu ya sanduku lenyewe. Nilimwambia kwamba kile cha wezi wa almasi kilikwenda vizuri mpaka katikati, kisha mwandishi akachoka akaichoma moto nyumba nzima na wote waliokuwamo. Mzee alicheka hadi akashika goti lake bovu.

"Ule muandikaji njala ilimushika," akasema. "Alitaka kuenda kula."

Sijapata tena msomaji wa kuzungumza naye hivyo.

Kisha kikaja kitabu cha mwalimu wa muziki. Mwenye nyumba anakufa kwa sumu, wapangaji wote wanashukiwa, na mwalimu huyo mpole hakuna anayemtazama. Lakini gazeti linaeleza mauaji yale vibaya, naye anashindwa kuvumilia. Anaandika barua bila jina kusahihisha, na kwa uzuri wa barua hiyo anakamatwa. Mwisho ule ulinikera. Nilimrudishia mzee kitabu, akaanza kukisoma, nami nikabaki na maoni ambayo siwezi kumwambia, maana ningemtajia muuaji.

Maoni hayo yalinijia kwa Kifaransa kizuri, kizuri kuliko chochote nilichowahi kuandika. Niliyabeba siku tatu. Siku ya nne niliingia maktaba mzee akiwa kanisani, nikayaandika katika daftari, ukurasa mzima, bila kutaja jina la kitabu. Sikusahau katazo lake. Nililikumbuka neno kwa neno, na mkono ukaendelea kuandika. Nilitaka mtu ayaone.

Ijumaa Mkurugenzi aliniita. Aliusoma ukurasa wangu kwa sauti, akasema hakuna karani mwingine aandikaye hivi, nami nikavimba kichwa. Halafu akauliza, kwa upole kabisa, kitabu hicho ni kipi, maana kabatini mwake hakimo.

Uongo ulikuwepo, tena mwepesi. Kila juma abiria Wazungu walisahau vitabu ndani ya treni, na mimi ni mtu wa reli. Ningesema nimekiokota. Lakini hapo ningekuwa mtu anayeokota vitabu vibaya na kuvisoma, na kadi ilikuwa karibu. Nikasema, "Mzee alinikopesha." Mzee alikuwa amesimama palepale, kitambaa cha vumbi mkononi.

Mkurugenzi aliinama mwenyewe akalivuta sanduku. Ndani ya kitabu cha mwalimu wa muziki palikuwa na picha ya Bikira Maria, alama ya mahali mzee alipofikia, karibu na katikati. Mkurugenzi akaitoa picha, akamrudishia, akabaki na kitabu. Siku hiyohiyo mzee alikabidhi funguo. Hakunitazama kwa chuki, na hilo ndilo lililonitesa.

Kadi niliipata. Mke wangu alichinja kuku, nami nikala.

Mzee alihamia Sakania kwa binti yake, akawa anauza chumvi na samaki wakavu karibu na stesheni. Miaka mitatu baadaye kazi ilinipeleka huko. Njia nzima nilipanga maneno, na nilipomwona yalinitoka yote kwa mkupuo: kwamba nilimkosea, kwamba uongo nilikuwa nao mdomoni nikaumeza, kwamba naona haya mpaka leo.

Alingoja nimalize.

"Ikala, mwana," akasema, akinisogezea kiti. "Ile kitabu ya mwisho, njo nani aliua?"

Nikamwambia. Mwalimu wa muziki, gazeti, barua. Alisikiliza akitikisa kichwa polepole.

"Na weye, avis yako ilikuwa nini?"

Hakuwahi kuisoma. Ilibidi niitoe kwa kinywa, kama zamani, na kila neno lilikuwa zito. "Niliandika kwamba mwisho huo hauaminiki. Kwamba hakuna mtu mwenye akili atakayeharibu kila kitu ili asifiwe maandishi yake."

Akafunika samaki wake kwa gunia.

"Apana, mwana," akasema. "Ule muandikaji anayua bantu."

Kisha akamwita binti yake alete maji ya kunawa, tule.