Tak ya Nne

Bi Nasriya alikuwa na wasiwasi wa maji. Nalisema hili mapema ili asije mtu akaniambia namsengenya. Mwenyewe alilisema, tena kwa kicheko. Akitawadha alirudia, akimaliza kurudia alitia shaka mguu wa kushoto, akarudi bafuni. Tulikaa mlango kwa mlango, nyumba za chini, katika jengo moja la Darsait lililo nyuma ya maduka ya vyuma, na kama kuna mtu aliyeyajua maji ya Bi Nasriya ni mimi, kwa sababu yalipita chini ya mlango wake yakaja kulowesha zulia langu.

"Nisamehe Shariffa mwanangu," ataniambia, "nalikuwa natoharisha."

"Zulia langu sasa ni tohara kushinda la msikitini, Bi Nasriya. Njoo usali hapa."

Atacheka mpaka ashike ukuta. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati mwanzoni mwa miaka ya sabini na mume, watoto wawili wadogo na sanduku moja. Mume hakuishi sana. Aliwalea watoto kwa kushona kofia, na kofia zake zilijulikana, maana tundu zake zilikuwa ndogo na zote sawasawa. Mkubwa ni Muhsina, aliyepata kazi wizarani. Mdogo ni Aflah, aliyepelekwa kusoma Uingereza akarudi injinia. Mtu angesema mama huyu sasa amepumzika.

Mwaka wa tisini na nne Muhsina akamzaa Raghad. Mtoto alichelewa kulia, na katika kule kuchelewa kila kitu kikaharibika. Hakuweza kukaa, hakuweza kusema, na macho yake yaliona mwanga tu, basi. Baba yake alihamia Al Khoudh na mke mwengine, na huko mimi sina haja ya kumfuata. Muhsina alikuwa kazini toka asubuhi, kwa hiyo mtoto akawa wa bibi yake.

Ndani ya nyumba Raghad alilia. Sisemi alilialia, nasema alilia, na akichoka kulia alijiuma mikono mpaka ikavimba. Madaktari walitoa dawa za kumlaza. Akiamka, ni yale yale. Kitu kimoja tu kilimtuliza, nacho ni kutoka nje ndani ya kigari chake.

Kigari hicho Aflah alikuja nacho kutoka Uingereza, alipomaliza masomo. Kilikuwa kirefu, mtoto analala chali au anaegemezwa kidogo, na magurudumu yake makubwa mtu huyatoa moja moja bila spana. Nilikiangalia mara nyingi, kwa hiyo naweza kueleza. Katikati ya gurudumu mna ulimi mdogo wa chuma unaosukumwa na springi. Kwenye ncha ya ekseli pana mfuo umechongwa kuizunguka. Unalisukuma gurudumu kwenye ekseli mpaka ulimi unaangukia ndani ya mfuo, tak, na gurudumu halitoki tena. Ukitaka kulitoa, unabonyeza kifungo, ulimi unanyanyuka, unalivuta. Nadhani waliokitengeneza walifikiria mtu anayetia kigari kwenye buti la gari mara moja moja, akienda kutembea. Hawakumfikiria Bi Nasriya.

Maana mtaani kwetu, miaka ile, mashimo ya vyoo yalikuwa yakivutwa na magari ya tangi, na magari yale yalivuja. Michirizi ilikaa barabarani siku nzima. Bi Nasriya aliiona akasema magurudumu yaliyokanyaga pale hayaingii kwake, anaposali na anapomlaza mtoto chini. Basi kila wakirudi alikaa kizingitini, akabonyeza, akavuta, akayapeleka yote manne bafuni, akayaosha mpaka roho yake ikatulia. Yalilala barazani. Kesho yake baada ya alasiri aliyatia tena.

Na Raghad, amelala mkekani ndani, alikuwa akisikiliza. Tak ya kwanza, analia lakini anapunguza. Tak ya pili, amenyamaza. Ya tatu, anageuza uso mlangoni. Ya nne ikilia, mtoto yule alicheka kicheko cha kifua kizima, mikono juu, na mimi nilikisikia kutoka jikoni kwangu nikajua saa ya chai imefika. Wakatoka. Walipita kwa washona nguo, vyerehani vinakwenda, Raghad kimya anasikiliza. Walipita kwenye tanuri ya mkate, akanusa. Mtaa mzima ulimjua, na walimsalimia yeye kwanza kabla ya bibi yake.

Miaka mitano ilikwenda hivyo. Chuma na maji havipendani, kila mtu anajua, lakini nani angemwambia Bi Nasriya asioshe? Mambo ya tohara ni baina ya mtu na Mola wake. Hata Muhsina aliyaona maji akayaruka, akapita.

Siku ile mimi nilikuwa hospitali na mama yangu, kwa hiyo nasimulia kama alivyonisimulia Bi Nasriya mwenyewe, tena si mara moja. Alitia gurudumu la kwanza, la pili, la tatu. Alipolisukuma la nne, Raghad akapiga ukelele. Haukuwa wa furaha. Alilia vile vile kama anavyolia ndani. Bi Nasriya, ambaye sikio lake moja lilikuwa limekwisha kuwa zito, alidhani ana haraka.

"Nyamaza bibi, twenda, si hivi twenda?"

Akampakia huku analia, akamfunga mkanda, akasukuma. Pale njia inapoteremka kuelekea kwa washona nguo, gurudumu likatoka likatangulia peke yake mpaka mlangoni kwa fundi. Kigari kikapinduka ubavu. Raghad aliangukia uso, na mkanda ukamshikilia pale pale asiweze hata kugeuka. Alishonwa juu ya jicho. Watu walikuja kutoa pole, wakasema ajali haina kinga, na mimi nikawamiminia kahawa huku nimekasirika, maana Bi Nasriya alikaa kwenye kona yake hajibu, mikono mapajani, na hakuna aliyemwangalia.

Wageni walipoondoka Aflah alitandika gazeti akalifungua lile gurudumu. Springi ilimwagika kama masizi mekundu. Ulimi ulikuwa umekatika.

"Mama, kwani unayaosha haya?"

"Kila siku."

Aflah akanitazama mimi. Nikatazama gazeti. Akafungua na yale mengine matatu, nayo yalikuwa njiani kuelekea huko huko.

Alipiga simu Uingereza, akaambiwa vigari vya namna ile havitengenezwi tena wala vipuri vyake. Maduka ya Ruwi yalikuwa na vigari vizuri vya watoto wachanga, na Raghad alikuwa na miaka sita, miguu mirefu. Hospitali walishampa kiti cha magurudumu, lakini mgongo wake haukai, aliteleza chini kila anapofungwa. Basi kikawa ni kigari kile kile au ndani, na ndani alikuwa ameanza tena kujiuma mikono.

Aflah akakipeleka mtaa wa Ghala, kwenye karakana. Fundi alitupa ndimi na springi zote, akatoboa kila ncha ya ekseli, akapitisha pini ya miguu miwili, akaikunja kwa koleo. Aflah alirudi anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Haya mama. Sasa hata lori likikigonga, gurudumu halitoki."

"Na mie ntalitoaje?"

"Hulitoi. Ndiyo maana yake."

"Na najisi ya njiani niingie nayo ndani, Aflah?"

"Mama, wallahi nnakuomba."

Alijaribu. Nilimwona kizingitini na koleo, na vile vidole vilivyoshona kofia nusu ya Maskati havikuweza kuikunjua pini moja. Baridi yabisi ilikuwa imekwisha kuvipinda. Aliliweka koleo chini polepole. Kigari kikalala nje ya mlango siku mbili, mtoto analia ndani, na Bi Nasriya hatoki, maana alisema akitoka nacho atarudi nacho vipi?

Muhsina ndiye aliyempigia simu sheikh, akamweleza, kisha akamkabidhi mama yake mkono wa simu. Nilikuwepo. Bi Nasriya alisikiliza kwa sikio lake zima.

"Naam sheikh... Barabara, naam, huwa kavu... La, sijaiona kwenye magurudumu kwa macho yangu. Naona michirizi tu, nakhofia... Naam... Hata siku moja?... Jazakallahu khayr."

Akaweka simu.

"Anasema nini, mama?"

"Anasema asili ya kitu ni tohara, mpaka uione najisi yenyewe. Anasema shaka haiharibu yakini. Barabara kavu haina neno." Akamgeukia binti yake. "Anasema sikuwa na haja ya kuosha, Muhsina. Hata mara moja."

Hapo ndipo alipolia. Nimemjua miaka, nimezika naye ndugu, sijawahi kumwona akilia vile, mdomo wazi, bila sauti, mtandio umeanguka. Muhsina alimkumbatia. Mimi nilitaka kusema neno, na neno pekee lililonijia ni kwamba maji yakimwagika hayazoleki, nikaumeza upumbavu wangu nikaenda kuweka chai.

Alasiri alijikaza. Alikiingiza kigari ndani na magurudumu yake, kikakanyaga mpaka ukingoni mwa mkeka, akambeba Raghad kumweka. Mtoto alipogusa kitambaa cha kigari akapiga ukelele ambao fundi wa cherehani aliusikia, akaja kuuliza kuna nini. Alijikunja, alikakamaa, akashika mtandio wa bibi yake kwa meno. Wakajaribu kesho yake, wakajaribu na Muhsina, wakajaribu amelala usingizi, akaamka kwenye kitambaa kile akatapika.

Aflah alitingisha gurudumu moja moja, akavuta kwa nguvu zake zote. "Raghad, angalia! Halitoki!" Injinia mzima, anamwambia mtoto asiyeona aangalie.

Ni Bi Nasriya aliyefahamu. Alinishika mkono tukiwa jikoni kwake.

"Shariffa, hakikusema tak."

"Nini?"

"Kigari. Siku ile nilitia manne, yalisema matatu. Mie sikusikia. Yeye alisikia. Aliniambia, akalia kwa nguvu zake zote aniambie, nami nikamwambia nyamaza." Akauachia mkono wangu. "Na sasa hakisemi hata moja. Kwake yeye magurudumu yote manne hayajaingia. Ntamwambia vipi kuwa kuna pini? Pini haisemi."

Mtoto ambaye maneno hayamfikii alikuwa na neno moja tu analolijua, na mafundi wa Ghala walilitupa kwenye pipa pamoja na kutu.

Alasiri iliyofuata aliniita nimsaidie. Alikaa kizingitini mahali pake pa siku zote, Raghad mkekani, kigari kati yao. Akainama kwenye gurudumu la kwanza, akagonga ulimi kwenye kaakaa lake mwenyewe: tak. Raghad akapunguza kulia. Akasogea gurudumu la pili: tak. Mtoto kimya. La tatu: tak. Raghad akageuza uso, na nakuapia uso ule ulianza kufunguka.

Bi Nasriya akainama kwenye la nne, akagonga ulimi.

Raghad hakucheka. Alinyoosha mkono hewani, akatafuta, na bibi yake, kwa matumaini, akamsogelea karibu. Ule mkono ukapapasa shingo, ukapapasa kidevu, ukafika mdomoni, na vile vidole vilivyojaa alama za meno vikauziba.

Kisha mtoto akaanza kulia tena, na Bi Nasriya hakuuondoa ule mkono. Mimi nikakisukuma kigari nje, nikafunga mlango.