Neno la Mwisho wa Kipindi

Niliambiwa.

Kwa miaka kumi na moja nimesema kwamba sikuambiwa. Nimesema hivyo mbele ya kamati ya watu watatu, nimemwambia mume wangu, na siku moja, Mwenyezi Mungu anisamehe, nimesema nikiwa na udhu. Uongo ukikaa sana ndani ya nyumba hupata kiti chake. Wangu umefika mahali naupisha nikitaka kupita. Lakini niliambiwa, kwa simu, kwa maneno yasiyohitaji tafsiri, siku mbili kabla.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa kuandika na kusoma vipindi vya redio vya kuwafunza walimu wa shule za msingi za mashamba hapa Pemba. Wengi wao walikuwa wa kujitolea: wamemaliza skuli, wakashika chaki, wakabaki wanangoja ajira. Cheti chetu kingewasogeza mbele. Walikutana kwenye vituo, wanane hapa, kumi kule, wakaizunguka redio moja. Mimi niko mjini Chake, ndani ya chumba kilichogongomewa magodoro ukutani, nawaambia wafanye jambo, kisha nanyamaza ili walifanye. Kwenye muswada sehemu hizo niliandika KIMYA, nikaweka na dakika zake. Kimya kikiwa kirefu nilikikata kwa neno moja, nalo nililisema kwa sauti ya upole niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo: "Nasubiri."

Nilikuwa na shahada ya ualimu kutoka bara, na lafudhi yangu ya Kipemba nilikuwa nimeisugua mpaka ikang'aa. Mama yangu, Mkoani, alikuwa akinisikiliza na kuwauliza majirani, "Huyu ni binti yangu au wamemweka mwengine?"

Tatizo letu kubwa lilikuwa mahudhurio. Walimu waliweka saini daftarini kipindi kikianza, kisha, msimu wa karafuu ukiwadia, redio ikabaki inazifundisha kuta. Hapo ndipo nilipobuni jambo nililosifiwa nalo mpaka kwenye mkutano. Kila mwisho wa kipindi, baada ya wimbo wa kufungia, nilitaja neno moja. Mwalimu aliandika neno hilo mbele ya saini yake. Asiyekuwa na neno hakuhudhuria, hata kama alikuwepo. Vipindi vitatu bila neno, cheti hakuna. Mahudhurio yalipanda. Nilijiona nimewagundua binadamu.

Kipindi cha kumi na nane kilikuwa cha vipimo. Nilitaka walimu wajue kufundisha urefu na umbali bila rula, kwa hatua, kwa shubiri, kwa kamba yenye mafundo. Kwa vituo vya ndani niliandika watoke kiwanjani. Kwa vituo vya pwani, kwa kuwa nilitaka kuonyesha kwamba naijua nchi yangu, niliandika wachukue redio yao watoke hadi kwenye fungu la mchanga, maji yakiwa yamepwa, wakapime pale palipo peupe. Ili nisijiaibishe nilimuuliza mvuvi mmoja. Akanipa siku: mwezi tano, yaani siku ya tano tangu mwezi kuandama, saa saba na nusu mchana, maji yatakuwa yametoka. Nikaandika Jumapili.

Kisha mitambo ya kurushia ikaharibika, vipindi vyote vikasogezwa siku kumi. Kwenye ratiba nilibadilisha tarehe tu, saa na maagizo nikayaacha vilevile. Kalenda ya ofisini ilikuwa na tarehe za mwezi kwa maandishi madogo chini ya zile kubwa. Nilizisoma Shaabani ikikatika tu, ili nijue lini tunafunga.

Jumatatu ya wiki ya kipindi hicho, nikiwa nakula urojo mezani, simu ikalia. Alikuwa kiongozi wa kituo kimoja cha Shumba, mwanamke wa makamo kama nilivyo mimi sasa, mwalimu wa darasa la pili tangu enzi na enzi. Alikuwa ameniita Bi Redio tangu kipindi cha kwanza, nami sikujua kama ni heshima au ni kejeli.

"Bi Redio, kile kipindi chenu cha pwani mmekisogeza."

"Ndiyo, mwalimu. Mitambo."

"Jumatano mwezi kumi na tano. Bamvu hilo, maji makubwa. Saa saba na nusu maji yashageuka zamani, yaja kwa mbio. Tutakwendaje funguni?"

Nilikuwa na kijiko mkononi. Nilikuwa na vituo vingi, na bosi aliyetaka ripoti. Na niseme kweli, kwa kuwa ndiyo shughuli ya leo: sikupenda kusahihishwa na mwalimu wa darasa la pili.

"Mwalimu, hatuwezi kupangua redio nzima kwa ajili ya kituo kimoja. Fuateni redio."

Akarudia: "Nifuate redio."

"Ndiyo."

"Haya. Salama."

Vituo vingine vya pwani vilifanya wanachofanya watu wenye akili. Walikaa skuli chini ya feni iliyokufa, wakasikiliza, wakaandika kwamba walikwenda pwani na somo lilikuwa zuri sana. Kiongozi wa Shumba hakuwa mwongo. Aliwachukua wenzake wanane wakatoka saa saba, mkondo ulio baina ya nchi kavu na fungu ukiwa unawafika magotini, redio kichwani mwa mmoja wao imefungwa kwa kanga.

Yaliyofuata nimeyapata kwao, kwa vipande. Fungu lilikuwa bado kavu na kubwa. Wakapima kwa hatua. Wakafunga mafundo. Wakacheka. Kimya cha kwanza kikapita. Katika kimya cha pili mmoja akageuka nyuma akaona vile vijiti vya uzio wa samaki, walivyovipita vikiwa virefu, vimekuwa vifupi.

"Jamani, turudi."

"Bado neno," akasema mwengine. "Mimi nishakosa mara mbili."

"Dakika ngapi zimebaki?"

Redio ikasema, kwa sauti ya upole, "Nasubiri."

Sauti hiyo ilikuwa yangu. Niliirekodi wiki tatu kabla, nimekunywa chai ya tangawizi, nikaombwa nirudie kwa sababu mara ya kwanza ilitoka kavu. Mimi nilikuwa nimekwenda zangu sokoni, na sauti yangu ilikuwa pale, imewashika watu tisa juu ya mchanga unaopungua, inawaambia hakuna haraka.

Wimbo wa kufungia ulipoanza walikuwa wamesimama wamesongamana, viatu mkononi, mwenye redio kainyanyua juu. Kiongozi akasema sasa basi, neno walikose, wavuke. Wakaingia wameshikana mikono. Maji yalikuwa kifuani. Aliyekuwa mwisho ni mwalimu wa kujitolea, binti wa mashamba ya ndani ambaye bahari aliijua kwa samaki wa sahanini tu. Akateleza. Mwenye redio akamnyakua kwa mkono aliokuwa amebebea redio. Redio ikaenda, na binti naye akaenda. Akakutwa amekumbatia vijiti vya uzio, amechanika mkono kutoka kiwiko mpaka kiganja, hawezi kusema. Alipona. Darasani hakurudi tena. Aliwaambia wenzake kwamba darasa likinyamaza anasikia maji.

Kamati ilikaa Wete wiki mbili baadaye. Kabla ya hapo daftari la mahudhurio la kituo kile lililetwa mezani kwangu, kama madaftari yote, nijumlishe. Kiongozi alivuka nalo ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ukavuja. Kulikuwa na saini tisa bila neno hata moja. Na kwenye safu ya maelezo, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuwaandikia watoto ubaoni: "Jumatatu saa sita na robo nimempigia mwandishi wa vipindi kuhusu bamvu. Kasema nifuate redio."

Nilisoma mara mbili. Kisha nikatia daftari kwenye mkoba wangu, katikati ya kitabu na kitambaa cha shungi. Nilijiambia nalichukua nikalikaushe.

Mwenyekiti wa kamati aliniuliza, kwa adabu tu, kama anayetimiza ratiba, "Bi, ulipigiwa simu?"

"Hapana."

Kiongozi alikuwa amekaa mkabala nami. Alinitazama kama anavyomtazama mtoto wa darasa la pili aliyejikojolea: bila hasira, anangoja nijue mwenyewe. Daftari likaulizwa. Nikasema halikufika. Ikaandikwa kwamba amefanya uzembe, ni mwenyeji wa pwani, alipaswa kuyajua maji. Akavuliwa uongozi, kupanda daraja kukazuiwa, akahamishiwa Makangale, huko kaskazini kwenyewe. Na mimi, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, nikawaandika wote tisa: hawakuhudhuria.

Nimehama nyumba tatu na daftari lile. Niliwahi kudhani nitalichoma, lakini nilikuwa mtu wa nyaraka, na mtu wa nyaraka hachomi, huficha vizuri. Chumvi ya bahari haikauki. Kila masika inavuta unyevu, na kurasa zile, ndani ya kabati, chini ya mashuka, zinarudi kuwa mbichi zenyewe. Mwaka juzi mume wangu aliuliza kwa nini mashuka yananuka pwani. Nikasema ni dirisha.

Mwaka huu, mwezi mmoja uliopita, kijana mtayarishaji akaniandikia kwenye simu. Wanarudisha mafunzo ya redio, fedha za kurekodi upya ni chache, wamezikuta kanda zangu wamezisafisha. "Bi, sauti yako haijazeeka!" Akanitumia kipande. Niliwasha nikiwa jikoni, na mwanamke mpole aliyejiamini akaniambia, "Nasubiri." Nikazima, nikaosha bakuli lililokuwa safi.

Kisha ikaja ratiba. Kipindi cha kumi na nane, Jumatano, saa saba na nusu mchana. Neno la mwisho wa kipindi limebaki vilevile, na sasa walimu watalituma kwa simu papo hapo. Wamekiboresha.

Safari hii nilisoma yale maandishi madogo ya kalenda. Mwezi kumi na tano.

Msidhani nilikimbia kufanya la haki. Nilimwandikia kijana kwamba kipindi hicho sauti yake ilikuwa hafifu. Akajibu iko safi kabisa. Nikaandika kwamba mbinu zake zimepitwa na wakati. Akajibu washauri wameipenda hasa ile ya pwani. Nikaandika kwamba labda vituo vya pwani viachiwe hiari. Akauliza, kwa heshima, kuna sababu yoyote maalumu, Bi? Sababu ilikuwa chini ya mashuka. Ningemwambia maji, angeuliza nimejuaje, na kama nilijua, kwa nini yule mwalimu wa Shumba aliadhibiwa. Nikaandika, "Nitakujulisha." Zikapita siku tatu. Usiku nilikuwa nalala vizuri, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Jumatatu, saa sita mchana, simu ikalia. Namba siijui.

"Asalaam alaykum, Bi Redio."

Kijiko kilikuwa mkononi tena. Nilikiweka chini.

"Waalaykum salaam. Nani mwenzangu?"

"Ushanisahau? Mie wa Shumba. Sasa wa Makangale, mlinileta nije kuhesabu miti ya msitu wa Ngezi." Akacheka kidogo. "Hujambo? Watoto? Mama?"

"Hatujambo. Mama yupo Mkoani, mzima."

"Alhamdulillahi. N'na swali. Jumatano mna kipindi cha kumi na nane. Mwezi ngapi siku hiyo?"

"Ngoja nitazame."

"Tazama. Nasubiri."

Sikuwa na haja ya kutazama. Nilisimama mbele ya kalenda hata hivyo, kama mwanafunzi anayejifanya anahesabu.

"Kumi na tano," nikasema.

"Aa. Basi nimepewa tena kituo, n'na walimu kumi na mmoja hapa, vijana watupu. Nimewakataza kwenda pwani. Wanataka hilo neno lenu, wanataka cheti, wanasema naogopa kivuli changu. Nimewahadithia yaliyotukuta. Mmoja kaniuliza, kwani bibi, hukutoa taarifa? Nikashindwa la kumjibu, maana jawabu unalo wewe. Nimekuweka kwenye spika. Hawa hapa, wamekizunguka kisimu. Zungumza."

Nilisikia kiti kikisogezwa. Nilisikia jogoo. Nimesema na maelfu ya walimu maishani mwangu na sijawahi kumsikia hata mmoja akipumua.

"Walimu," nikasema, na ile sauti ya kioo haikutoka, ikatoka ya Mkoani. "Niliambiwa. Mwalimu wenu alinipigia siku mbili kabla, akaniambia ni bamvu. Nikamwambia afuate redio. Mbele ya kamati nikasema hakunipigia. Aliandika kila kitu kwenye daftari, na daftari halikupotea. Ninalo mimi, kabatini. Kipindi hicho nakiondoa kwenye ratiba leo hii na sababu naiandika kwa mkono wangu. Daftari nitalipeleka Wete kesho asubuhi."

Kimya. Sikujua kimeandikiwa dakika ngapi.

"Mmesikia?" akawauliza. Kisha kwangu, polepole, "Miaka yote hii nataka kukuuliza kitu kimoja. Lile neno la siku ile lilikuwa nini? Redio yetu iliingia maji kabla."

Nililikumbuka. Nilikuwa nimelichagua nikitazama kitu kilichokuwa mezani, bila kufikiri.

"Ndimu," nikasema.

Mtu mmoja upande wa pili akacheka, akajizuia.

"Ndimu," akarudia yeye. Nikamsikia akifungua daftari. "Haya, walimu. Andikeni."