Chakula ya Kukunja ku Baraka

Mujukuu wangu alirudi na muke kutoka Kampala, na ule muke akakuja na sanduku mbili. Moja ilikuwa ya nguo. Ya pili ilikuwa ya bijiti, majani nyeusi yenye kukauka kama karatasi, na chupa za maji nyeusi zenye maandishi ambayo sijapata kuona. Mi nilisoma mpaka ya tatu primaire tu, lakini kusoma najua, na ile haikuwa Kifaransa wala Kiswahili. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Ni ya kupikia, koko." Koko ni nyanya, ni mi. Kuko bitu bingi banasemaka ni ya kupikia.

Bazazi bake ni Barundi, balikimbia vita, yeye akakomalia Kampala tangu mutoto. Kule alifanya kazi miaka mingi mu restora za Bakorea na Bajapani, mu kartie moja, mutaa ambayo bijana benye pesa banaendaka kukala, kula na kupigana picha. Alituambia restora za kule ziko ndogo ndogo, zimefuatana. Mu moja batu banakula wamesimama. Mu ingine kila meza iko na mbabula yake ya makaa katikati, mugeni anajichomea nyama mwenyewe.

Nikasema, "Anajichomea mwenyewe, halafu analipa?"

Mujukuu akacheka. Mi nilikuwa nauliza kweli.

Sasa Baraka, muji yetu kando ya ziwa, nayo iko na kartie ya namna ile, kando ya barabara, pale batu ba mashirika ya ONG banapangaka manyumba. Kuko terasi, kuko muziki, kuko kontenere zenye kupakwa rangi ya njano. Mujukuu akapanga kontenere moja, muke akaweka meza sita. Kisha mujukuu akapanda pikipiki, akaenda Misisi kutafuta biashara ya dhahabu, akaniachia muke. Ni kusema alituacha tuangaliane.

Nilimuangalia sana. Alikuwa anakata shu, ile kabichi, anaipaka chumvi na pilipili, anaifungia mu ndoo mpaka inachacha, halafu anaiuzisha. Kwetu chakula yenye kuchacha tunapatia nguruwe. Alikuwa anatandika lile jani nyeusi, anaweka muchele, anaweka mayai na samaki na karoti, anakunja yote kama mukeka, anakata bipande. Ile kukunja ndiyo haikunipendeza. Bugali unaiona. Sombe ya muhogo unaiona. Samaki ya mukeke inakuangalia na macho yake mu sahani. Lakini kitu yenye kukunjwa, ndani yake ni mwenye kukunja tu anajua.

Miaka makumi tatu niliuzisha samaki, ndakala na mikeke, ku soko. Najua namna batu ba hapa banakula. Mwenye kukupatia bia anaifungua mbele ya macho yako. Mwenye kukupatia chakula anaonja kwanza, yeye, kwa mukono wake, mu sahani yako, unamuona anameza. Hata kwa dada yako wa tumbo moja ni vile. Hakuna mutu anaona haya juu ya ile. Tumezika batu bengi benye walikula bila kuangalia, ao tunasema ni vile walikufa, na ku matanga ni kitu moja.

Yeye hakuwa anaonja. Alikuwa analeta sahani kwa mikono mbili, anainama kidogo, anaiweka, anarudi nyuma. Nikaona ile siku ya kwanza, nikaiweka mu roho.

Mwezi ya pili, mwalimu mumoja wa école ya jirani akakula pale saa sita. Mangaribi akaanza kutapika. Akalala siku tatu ku kituo cha afya. Hakukufa, lakini ku Baraka kama mutu hakukufa ndiyo anapata nafasi ya kusema. Siku ya ine, bamama ba soko bakakuja kwangu. Mwenye kusema alikuwa jirani yangu, mama mumoja ambaye tumeuzisha samaki pamoja, kila mutu na wivu yake.

Akakala, akakataa maji. Nikaona amekataa maji.

"Mama mukubwa," akasema, "muke wa mujukuu wako anakulaka ile chakula yake?"

"Anakula."

"Umemuona na macho?"

Kwa nyumba alikuwa anakula bugali na mboga ya lengalenga sawa sisi. Ile ya restora, sijamuona hata siku moja.

"Bijana ba kartie banasema siku ya posho, jumamosi, batamutoa," akasema. "Batavunja ile kontenere, na yeye arudi kwabo. Mi nakuambia juu tunajuana."

"Unaniambia juu unataka kuona sura yangu."

"Na hiyo pia," akasema.

Ile siku sikulala muchana. Nilijua namna banatoaka mutu. Kwanza ni maneno, halafu ni mawe, halafu hakuna mwenye alirusha. Na kama akienda, mujukuu atamufuata, sitamuona tena. Lakini kama ni kweli analisha batu sumu? Mi pia nilikuwa nakula kwa mukono wake kila siku. Nikaanza kusikiliza tumbo yangu.

Posho asubui nikavaa kikwembe ya kanisa, nikaenda. Jirani yangu alikuwa amefika mbele. Bijana balikuwa kando ya barabara, juu ya pikipiki zao, banangojea. Nikakala ku meza ya kwanza, pale kila mutu anaona. Muke wa mujukuu akatoka, akashangaa.

"Koko, unataka nini?"

"Ile ya kukunja."

Akaleta, kwa mikono mbili, akainama, akarudi nyuma.

Nikasema kwa sauti, bote basikie, "Onja."

Hakutikisika. "Koko, hiyo ni yako."

"Najua ni yangu. Onja."

"Nitakula ingine. Iko jikoni."

Kijana mumoja akashuka ku pikipiki. Jirani yangu akasema, "Munaona," hata hakusema kwa nguvu.

"Juu ya nini unakataa?" nikamuuliza.

Akasema, "Kule nilikofanya kazi, mufanyakazi hagusi sahani ya mugeni. Kulikuwa dada mumoja, alichukua kipande kimoja tu cha nyama kwenye sahani ya mutu, akafukuzwa siku ile ile. Walitufundisha ni dharau. Miaka saba, koko. Siwezi kukula chakula yako mbele ya macho yako. Wewe ni mutu mukubwa."

Nikamuangalia. Mutu mwenye kudanganya anatafutaka maneno ya kupendeza, na ile haikupendeza hata mutu mumoja pale. Kila sentensi ilikuwa inamuzamisha. Lakini sikuwa na hakika, na sitaandika hapa kama nilikuwa nayo. Niliona tu kama nikisimama niende, mbele ya mangaribi hatakuwa tena ku Baraka.

Nikachukua kipande kwa mukono. Ilikuwa baridi. Nikaiweka mu kinywa, nikatafuna, nikameza. Ilikuwa na chumvi ya mbali na harufu ya maji yenye kulala. Nikachukua ya pili. Balikuwa bananiangalia bote, bananingojea, na mi pia nilikuwa najingojea.

Jirani yangu akasogea. "Ongea kidogo, nisikie ulimi yako kama iko sawa."

"Ulimi yangu iko sawa tangu ulizaliwa," nikasema. "Tafuta kiti ukale."

Ule kijana akapanda tena pikipiki yake. Hawakwenda, lakini hawakushuka tena.

Nikamugeukia muke wa mujukuu. "Kule ilikuwa dharau," nikamuambia. "Hapa kutokuonja ndiyo dharau. Hapa tunasema unanificha kitu. Kama unataka kubakia, utaonja kila sahani, mbele ya kila mutu, hata ya mutoto. Kama hauwezi, nitakupeleka mi mwenyewe ku bato, ku ziwa, bila mawe. Chagua."

Akaenda jikoni, akaleta sahani ya jirani yangu. Akaiweka. Hakurudi nyuma. Akachukua kipande na bijiti, bile byake bya kulia, muchele ikaanguka, akachukua ingine, akatafuna na machozi ku macho, akameza. Kisha akafungua kinywa mbele ya jirani yangu, wazi kabisa, sawa mutu anaonyesha infirmière wa hospitali kama kidonge imepita.

"Ile haiko lazima," nikamuambia.

"Koko, si umesema waone?"

Jirani yangu akainama, akachungulia ndani, upande huu na upande ule. Na mi nikasimama, nikachungulia pia.