Kofia ya Mwana wa Mwajuma

Walisema mtoto wa mchoma mkaa wa Temeke hatarudi na lolote kutoka ng'ambo isipokuwa koti la baridi. Nilirudi na stashahada ya kutengeneza filamu, nayo iko ukutani kwangu. Atakaye aje aisome. Lakini nikisikia harufu ya petroli na vumbi lililonyunyiziwa maji, nakumbuka kwamba somo kubwa sikulipata darasani. Enzi za Mwingereza, gari la sinema lilikuwa likija uwanjani kwetu msimu wa kiangazi. Walitundika shuka jeupe, wakawasha jenereta, na mjomba wangu Athumani, aliyekuwa mkalimani, akashika kipaza sauti kutueleza picha zisizojua Kiswahili.

Mwaka mmoja walileta picha ya kijana anayeifukuza kofia yake inayoruka. Kofia ilivuka mapaa, ikatua juu ya ng'ombe, ikaingia kanisani na kutoka. Jioni ya kwanza tulicheka. Jioni ya pili watu walianza kuondoka kofia ingali hewani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Afisa wa gari akamwambia mjomba kwamba uwanja ukiwa mtupu tena kesho, gari halitarudi Temeke, na kazi yake itakuwa imekwisha. Mjomba alifika nyumbani akakataa chakula. Bibi, mama yake mzazi, alimbana hadi akasimulia yote, kisha akauliza jambo moja tu.

"Huyo kijana ni mtoto wa nani?"

Mjomba hakujua.

"Sasa, baba, mtu asiye na kwao nimwonee huruma vipi?"

Jioni ya tatu picha ilikuwa ile ile, ila mjomba alimpa kijana mama. Alisema huyu ni mwana wa Mwajuma, mjane. Kofia ni ya marehemu baba yake, na leo anakwenda kujitambulisha ukweni, ambako haendi mtu kichwa wazi. Waliokuwa wameanza kuinuka wakaketi tena. Upepo ulipoinyakua kofia, mama mmoja akasema taratibu, "Maskini Mwajuma, kofia ya mumewe hiyo." Wanaume wakaanza kumwelekeza kijana njia: "Kata kushoto, wee, pita nyuma ya ng'ombe." Tulicheka kuliko siku zote, na wengine walikuwa wakijifuta macho. Shuka lilikunjwa, watu wakabaki wakibishana kama wakwe watampokea. Bi Zuhura, muuza vitumbua, alimletea mjomba vinne kwenye jani la mgomba, akisema ampe yule kijana, hajala tangu asubuhi. Mjomba alivipokea kwa mikono miwili. Afisa, asiyejua neno la Kiswahili, aliandika kwamba watu wa Temeke wanapenda sana kofia, na gari likaendelea kuja.

Leo mitambo yangu ya filamu inaweza kurusha angani nyumba nzima, pamoja na vitanda na wenyeji wake, na simjui mwingine nchini aiwezaye kazi hiyo kama mimi. Hata hivyo, kila filamu yangu inapoonyeshwa nasimama mlangoni kusikiliza watu wanavyotoka. Wanatoka wakisifu jinsi kitanda kilivyoruka. Siku watakapotoka wakigombana kwa ajili ya aliyelala juu yake, ndipo nitakapojua nimefuzu.