Jinsi Mimi na Imakulata Tulivyopima Mabawa

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruka popote. Shefu wa atelye, yaani karakana yetu, mtu wa Lubondja aliyekuwa fundi cherehani kabla ya kujifunza mambo ya anga, alinipa bawa lililoloa maji ya ziwa akasema, "Papa Asukulu, anika hii kitu ku kivuli. Jua inaua kitambaa." Nilianika. Kesho yake nikakunja. Nilikaa miaka miwili nikianika na kukunja kabla miguu yangu haijaacha ardhi. Nawaambia hili mapema, ninyi vijana mtakaosoma haya, kwa sababu mtu aliyekuja baada yangu alikaa miezi mitatu tu.

Kazi yetu pale Baraka ilikuwa kupima mabawa ya parapanti, yaani yale mabawa ya kitambaa yasiyo na injini. Mtu hujifunga kwenye kiti chake, akakimbia mteremkoni, upepo ukamnyanyua. Yalitufikia yakiwa yametumika katika vilabu vya mbali, nasi tulitakiwa kusema lipi linamfaa mwanafunzi, lipi ni la mzoefu, na lipi likatwe lifanywe turubai. Atelyeni tulipima kila kamba ikiwa imevutwa na uzito wa kilo tano, maana kamba za nyuma hunywea zikizeeka na bawa likawa gumu kufunguka. Baada ya hapo tulipanda kilimani, njia ya kwenda Fizi. Kabla ya kila wiki ya kuruka, barua ilipelekwa bureau ya territoire, ofisi ya serikali ya wilaya, ili askari wajue kinachoelea angani ni sisi. Jibu lisipokuja, tulirudi kukunja.

Kulinganisha mabawa mawili kuna masharti yake. Warukaji lazima wawe na uzito mmoja, kwa hiyo asubuhi tulipita sokoni kupimwa kwenye mizani ya samaki, huku akina mama wakiuliza kama sisi ni wabichi au wakavu. Aliye mwepesi alibeba mfuko wa mchanga. Kipimo chenyewe tulikifanya juu ya ziwa. Unavuta kamba za mbele za upande mmoja mpaka nusu ya bawa inajikunja, unaachia, unaondoa mikono kabisa, kisha unahesabu kwa sauti kwenye redio mpaka lijifungue lenyewe. Likifunguka kwenye mbili, ni la mwanafunzi. Likifika tano, ni la mzoefu. Zaidi ya hapo, turubai. Saa hatukutumia. Shefu, akiwa ufukweni, aliandika namba aliyoisikia.

"Namba ya mwenye kuruka ndiyo naandika," alizoea kusema. "Mi siko kule yulu."

Kisha akaja Imakulata. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mkulima wa mihogo, aliyeajiriwa kushona vitambaa vilivyochanika. Alikuwa mwembamba, na mfuko wake wa mchanga ulikuwa mkubwa kuliko wa mtu yeyote. Siku moja Shefu alimrusha ili ajue anachokishona. Hakurudi tena kwenye cherehani.

Alihesabu polepole, na huo ndio ulikuwa uchawi wake wote. Nusu ya bawa imejikunja, ziwa linazunguka chini yake, na sauti redioni ni ya mama anayehesabu mafungu ya nyanya. Mimi nilihesabu mbio. Bawa lilelile, yeye alisema mbili, mimi nne. Shefu aligundua kwamba namba zangu zina woga ndani yake, akaanza kuzipunguza kwa kalamu. Za Imakulata aliziandika zilivyo.

"Sikia vile Mama Imakulata anahesabu," aliniambia mbele ya watu. "Weye unakimbia kwenda wapi?"

Roho iliniuma, sitawaficha. Mimi ni mzaliwa wa Baraka, baba yangu alivua katika ziwa lile, na huyu alikuja juzi na mzigo kichwani. Nilimwamkia kila asubuhi huku nikiomba upepo umwaibishe. Nilichukia hata alivyokunja bawa, kwa sababu alikunja vizuri. Kisha Shefu akatangaza kwamba atachagua mrukaji wa kwanza, yaani yule ambaye namba yake haipunguzwi wala haiulizwi. Nilijaribu kujifunza kuhesabu polepole. Nilishindwa.

Wiki ile tulikuwa na mabawa mawili ya aina moja, la chungwa na la kijani. Imakulata aliruka na la chungwa, akasema mbili. Mimi nikaruka na la kijani. Nilivuta, likajikunja, likanigeuza, likakaa hivyohivyo. Hata nikitoa woga wangu wote, ilikuwa tano na zaidi. Redioni nilisema taratibu, "Moja. Mbili. Imefunguka." Shefu alikuwa mbali mno kuona.

"Sasa weye uko mutu wa kazi," aliniambia nilipotua, akanishika mkono.

Utaratibu ulitaka tubadilishane mabawa. Tena bawa la namba mbili liliruhusiwa kurudiwa chini zaidi, karibu na ufukwe, ili Shefu alitazame kwa darubini. Nilikuwa na muda wa kusema. Nilimkazia Imakulata mikanda ya kiti kwa mikono yangu mwenyewe.

"Hii ya kijani iko muzuri?" aliniuliza.

"Iko muzuri, dada."

Alivuta. Tukasikia moja, mbili, tatu, nne, tano, bila haraka. Lilipofunguka hakukuwa na nafasi tena, akaanguka kwenye mawe ya ufukweni. Alivunjika nyonga.

Jioni Shefu aliniita. "Papa Asukulu, ulihesabu ngapi ya kweli?"

"Mbili, Shefu. Ni upepo ulibadilika."

Alinitazama sana, kisha akaandika upepo.

Nafasi ya mrukaji wa kwanza nikapewa mimi. Baadaye nilitumwa Kazimia kufungua kituo cha pili, na Shefu alipoondoka nilirudi Baraka kushika kiti chake. Jambo la kwanza nililoamuru ni mtu mwenye saa kukaa kwenye mtumbwi chini ya mrukaji. Wote walinisifu kwa akili hiyo. Lakini kila mgeni aliyefanya vizuri aliambiwa na wazee wa atelye kwamba anahesabu kama Imakulata. Hakuna aliyewahi kuambiwa anahesabu kama mimi, nami nilikuwa shefu.

Nilipostaafu nilikwenda Lubondja, anakolima Imakulata siku hizi. Nilimkuta amekaa mlangoni akimenya mihogo, fimbo yake imelala pembeni. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima.

"Mama Imakulata, ile bawa ya kijani haikukuwa mbili."

Hakuacha kumenya. "Najua. Nilipofika tatu, nikajua."

"Sasa mbona haukusema?"

"Shefu aliniuliza ku hopitali. Nikamuambia ni upepo. Weye ulikuwa unapenda ile kazi sana, Papa Asukulu. Mi nilikuwa naruka tu. Nikasema, acha abakie nayo." Ndipo akaniangalia. "Nilikusamehe zamani. Nilizania unajua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na hata machozi nilikuwa nayo tayari. Kumbe nafasi niliyojiona nimeipora, ni yeye aliyeniachia. Miaka yote ile, mimi nikiogopa jina lake, yeye alikuwa amekwisha kumaliza kunisamehe na kurudi kwenye mihogo yake. Roho ikaniuma tena kama zamani, palepale mbele ya fimbo yake.

Alinikaribisha chakula. Nilinawa, nikala, na kila tonge nilimeza nikimwonea wivu.